Mashine Haimjui Wanjala

Kitale, Jumapili, 4 Mei 2025

Phanice amefungua duka!

Dada Peris, nisamehe. Najua barua huanza na salamu, na marehemu baba yetu angenirudishia karatasi hii niandike upya. Lakini ningeanza na salamu ningepasuka. Duka! La kwake! Jina liko juu ya mlango kwa rangi ya buluu, PHANICE KOMPYUTA, na chini yake herufi ndogo: Tunatengeneza, Tunachapa, Tunafundisha. Nikamuuliza, "Hao wengine ni akina nani, si uko peke yako?" Akasema, "Mama, kwani wewe ni nani?" Dada, nililia pale barabarani mpaka watu wakadhani nimefiwa.

Haya, salamu sasa. Hujambo? Sisi hatujambo. Mahindi ya lile shamba la kukodi yamefika magotini, mvua si haba, na mbuzi mweusi amezaa mapacha, wote majike. Hata mbuzi wangu mwaka huu anajua mambo.

Turudi kwa duka. Limepakana na duka la Mzee Gurdev, yule wa misumari na mabati. Mashine yake ilikuwa imekataa kuwaka, mafundi wakaja wakaondoka, mpaka akamwita binti wa jirani. Phanice aliivua kama mtu anavyomvua mtoto nguo za shule, akapuliza, akagusa, akafunga. Ikawaka. Tangu siku hiyo mzee wa watu, na kilemba chake na ndevu zake nyeupe, anamwita mtoto wangu Daktari. "Daktari amefika?" "Daktari amekunywa chai?" Mimi niliyeishia darasa la sita, niliyeuza mboga za sukuma mtaani Kipsongo na mtoto mgongoni, ni mama wa Daktari.

Na wale waliosema ati msichana atafanya nini na waya, arudi chuo cha ualimu kama wenzake, sitawataja. Wengine ni jamaa zetu wa karibu.

Simu sikupigii kwa sababu ya masikio yako, na meseji hainitoshi, nikifika katikati ya furaha inakatika. Ndiyo maana nimeandika, na barua nimemkabidhi makanga wa gari la Kimilili, anajua pa kuipitisha. Uko salama? Jibu haraka.

Mdogo wako, mama wa mwenye duka,
Jentrix


Bungoma, 19 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Jentrix,

Nakusalimu katika jina la Bwana aliyetufikisha leo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikitafuta mahali ulipouliza hali yangu. Nimepapata, karibu na mwisho. Mimi ni mzima. Masikio ni yale yale. Jana jogoo aliwika mbele yangu nikaona mdomo tu ukifunguka.

Hongera kwa Phanice. Jamaa uliokataa kuwataja wanamsalimu pia.

Mwanangu Khaemba amepata mtoto huko Nairobi. Walimleta Pasaka. Alilia siku mbili bila kunyonya vizuri, tukajua anadai jina. Tukamtajia wazee mmoja mmoja, akilia tu. Tulipotaja Wanjala akanyamaza, akaangalia dari. Basi ndiye Wanjala, babu yake amerudi.

Kuna jambo dogo. Masikio yangu yalipoziba, Mwalimu hakutaka kunipigia kelele kama nyinyi wengine. Kila jioni alikaa kwenye kompyuta yake, akaandika neno lake kwa herufi kubwa, mimi nikasoma na kumjibu kwa mdomo. Tumeishi hivyo, mume na mke, mpaka Mungu alipomchukua. Yote aliyoniandikia aliyaweka kwenye folda moja, akaipa jina langu, Peris, akaifunga ili watoto wa jirani wanaokuja kucheza michezo wasiguse.

Sasa mwezi uliopita mashine ilikwama. Fundi wa hapa mjini akaweka mfumo mpya, akaniapia kwamba vitu vyote vipo, hakufuta hata kimoja. Ni kweli, folda naiona. Lakini nikiibonyeza inaniambia sina ruhusa. Folda yenye jina langu, Jentrix. Sina ruhusa.

Fundi alikuwa ameniuliza mwenye mashine aitwe nani, nami nikasema Wanjala, kwa maana si ndivyo tunavyofanya? Jina likiitwa, mwenyewe huitika. Haikuitika. Nikarudi kwake akaandika Mwalimu Wanjala. Nikarudi tena, akaandika Zablon, jina la ubatizo. Mwisho nikamnong'onezea lile jina la utani la ujana wake, fundi akacheka mpaka akashika meza, lakini akaliandika. Mashine ikakataa hata hilo. Tumeitajia majina yote kama mtoto anayelia, nayo bado inalia.

Si jambo kubwa. Nimekuambia tu.

Dada yako,
Peris


Kitale, 25 Mei 2025

Dada mpendwa,

Lete mashine kwa Phanice! Nimeanza hivyo tena, nisamehe tena. Hamjambo huko? Wanjala mdogo hajambo? Mwambie Khaemba hongera, na amlete tumwone kabla hajaota meno.

Nilipofika mahali pa majina nilicheka mpaka chai ikanipalia. Phanice hakucheka. Alichukua barua akaisoma amesimama, kisha akaniambia, "Mama mkubwa hajakosea. Amefanya kama kwetu. Lakini mashine haifanyi kama kwetu."

Sikiliza, maana nilimfanya anielezee mpaka nikaelewa, na nikielewa mimi utaelewa wewe mke wa mwalimu. Siku mtu anapoandikishwa kwenye mashine, mashine inampa namba ndefu ya siri. Hiyo namba ndiye mtu. Jina ni shati tu. Shemeji alipoifunga folda, aliifunga kwa namba yake. Mfumo wa zamani ulipotolewa, namba ile ikaondoka nao. Huyu Wanjala wa fundi amezaliwa na namba nyingine kabisa. Hata mkimwita Wanjala mpaka jua litue, folda inaangalia namba, inaona mgeni.

Nikamwambia, "Basi hiyo mashine haina ukoo." Akasema, "Haina, Mama. Lakini mirathi inayo." Ni kama shamba. Mwenye hati akifa, hati haimjui mjane hata kama amelima hapo maisha yake yote. Mpaka awepo msimamizi, abadilishe jina la mwenye mali, ndipo mjane aingie bila kuulizwa. Mashine nayo ina msimamizi. Umesikia akili hiyo? Hakuifundishwa na mtu, aliitoa kichwani akitafuna muhogo!

Ila anauliza jambo moja, na amesema ni la maana sana. Tazama ile picha ya folda vizuri: kuna kufuli kadogo kamechorwa juu yake? Kama kapo, ina maana maneno yenyewe yaligeuzwa yakawa fujo, na ufunguo ulipotea pamoja na mfumo wa zamani. Hapo hata yeye hawezi, na hataki kukudanganya. Kama hakapo, maneno yako salama, ni mlango tu umetiwa komeo.

Na mtu yeyote asifute chochote. Asifagie, asipange, asiguse. Lete mashine hapa. Phanice atakufungulia na hata chai atakupikia.

Wako,
Jentrix


Kitale, 29 Juni 2025

Dada,

Hujambo. Sisi hatujambo. Mahindi yanatoa mbelewele.

Mwezi umepita na zaidi, hakuna jibu. Nilidhani barua imepotea, nikamlaumu makanga wa watu bure mpaka akaniapia kwa mamake. Kumbe barua ilifika. Nimejuaje? Mama Ndung'u, yule anayeuza viazi Kimilili, alikuwa amekwenda mpakani mwa Uganda kununua maharagwe, akakuona huko Lwakhakha. Kwa fundi. Na kompyuta umeifunga kwenye leso kama mtoto mchanga.

Lwakhakha, dada! Mtu ana kisima mlangoni anakwenda kuchota ng'ambo?

Mimi sijakasirika. Nataka tu kujua. Mtoto wangu anaaminiwa na Mzee Gurdev kwa mashine yenye hesabu za duka zima. Mapadri wanamletea. Mwalimu mkuu mmoja hapa, ambaye sitamtaja, alimletea mashine ya mitihani na akakaa nje kama mgonjwa anayesubiri daktari. Dada yangu wa tumbo moja ndiye anayemkimbia. Kwani ulitaka akae chuoni akawe mwalimu kama mumeo, na kwa sababu hakukaa, mikono yake haifai?

Sijakasirika.

Jentrix


Bungoma, 7 Julai 2025

Mpendwa Jentrix,

Ukisema hujakasirika mara mbili kwenye ukurasa mmoja, najua sufuria imefunika moto. Hujambo lakini? Phanice hajambo? Huku tuko salama, mvua ya mawe imepiga maharagwe ya majirani, yangu ikayaruka.

Mikono ya Phanice inafaa. Ndiyo shida yenyewe.

Fundi wa Lwakhakha nilimtafuta kwa sababu hanijui. Nilitaka mtu atakayefungua, nimlipe, na tusionane tena. Nilipomwambia ni maneno ya marehemu mume wangu, akawaita wenzake waje waone. Nikaifunga mashine kwenye leso nikarudi nyumbani kabla hajaigusa.

Jentrix, humo ndani hamna nyimbo za kanisa wala hesabu za shamba. Mna maneno ya mume na mke. Mtu akikunong'oneza, neno linakwisha hapo hapo. Mwalimu hakuweza kuninong'oneza. Kila alichotaka kuniambia, cha mchana na cha usiku, alikiandika. Phanice ni mtoto wangu, nilimfunga nepi. Akishasoma jinsi Mwalimu alivyoniita, nitamtazamaje machoni? Na wewe nakujua. Ungesimama nyuma ya kiti chake, shingo imetoka kama ya bata mzinga.

Kufuli sioni. Nimetazama kwa miwani na bila miwani, hamna.

Sasa lingine. Khaemba anakuja Agosti kuchukua mashine. Anasema ni nzuri bado, atafuta yote, binti yake mkubwa aitumie kwa masomo. Nikamwambia kuna maneno ya baba yako. Akaniandikia kwenye simu: "Mama, Baba hayumo humo. Tusibaki nyuma." Hana ubaya. Yeye alikuwa akimsikia baba yake kwa simu kila Jumapili. Mimi sauti ya Mwalimu nimeisahau, Jentrix. Nikitaka kumkumbuka akisema, nakumbuka herufi.

Peris


Kitale, 13 Julai 2025

Dada yangu,

Barua yako niliisoma nikanyamaza, na unajua kunyamaza kwangu ni kama mvua ya Januari huku Kitale. Phanice alikuja akanigusa paji la uso, akauliza kama nina malaria.

Ni kweli ningesimama nyuma ya kiti.

Nikampa barua asome. Akafikiri, akaniambia maneno ambayo nataka uyasome pole pole kwa sababu mimi ndiye niliyemzaa aliyeyasema: "Basi Mama mkubwa afungue mwenyewe. Mimi sihitaji kuona kilichomo ndani ya nyumba ili nimwonyeshe pa kuweka ufunguo."

Nilitoka nje nikamwambia Mzee Gurdev. Nikamwambia na mwenye kibanda cha mitumba. Maneno ya barua yako sikuwaambia, usijali. Niliwaambia tu maneno ya mtoto.

Ameniamuru niandike hivi, amesimama hapa akikagua. Kwanza nenda kwa yule fundi wa mjini, asifanye lolote, akupe tu jina la msimamizi na neno lake la siri, na ukirudi uingie nayo. Bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, si cha kushoto. Orodha ikishuka, nenda chini kabisa, mahali pa sifa za folda, kisha penye neno la usalama, kisha mipangilio zaidi. Utaona mahali pa mmiliki, na badala ya jina utaona namba ndefu isiyo na kichwa wala miguu. Usiogope. Hiyo namba ndiyo Mwalimu. Phanice anasema mashine imemsahau jina lakini haijamsahau kwamba alikuwapo. Bonyeza pa kubadilisha, uandike lile jina uliloingia nalo, ukubali. Kisha ujipe ruhusa zote, usijipunjie.

Na Khaemba akitangulia kufika, kalia mashine. Namaanisha kwa makalio.

Wako daima,
Jentrix, mama wa aliyesema hayo


Bungoma, 11 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu,

Imefunguka.

Leo nimeanza kama wewe, na nimeelewa kwa nini unapenda kuanza hivyo. Hamjambo? Phanice alifika salama? Yale mayai niliyompa hayakuvunjika?

Nitakueleza yote, kwa sababu Phanice hatakueleza, nami nataka uyasikie kwangu.

Nilifanya kama mlivyoandika. Ile namba ndefu niliiona. Niliketi nayo kitambo kabla ya kuibadilisha, nikaisoma kwa sauti, halafu nikaandika jina nililoingia nalo. Folda ikafunguka, faili zimepangwa mwaka kwa mwaka. Nikapiga kelele mpaka jirani akaja. Lakini nilipobonyeza faili ya kwanza: sina ruhusa. Ya pili: sina ruhusa. Nilikuwa nimeingia sebuleni na vyumba vyote vimefungwa. Ndipo nikamtumia Phanice meseji, akajibu maneno matatu, "Nakuja Jumamosi Mama."

Jumamosi hiyo hiyo Khaemba naye akafika, siku mbili kabla ya tulivyopanga, na begi la kubebea kompyuta. Wakakutana mlangoni. Niliona midomo ikienda. Baadaye nilimuuliza Khaemba walisemezana nini, akaniandikia. Yeye alimwambia, "Sister, mimi naifuta leo, nina safari." Na Phanice akamwambia, "Kaka, shamba lenye kesi haliuzwi. Nenda ukapukuchue mahindi, ukimaliza utakuta tumemaliza." Khaemba wangu, mwenye gari na tai, akaenda kupukuchua mahindi.

Sasa sikiliza alichofanya mtoto wako. Alichukua kiti, akakigeuza, akakaa amenipa mgongo, uso dirishani. Hakuiangalia mashine hata mara moja. Mimi nikawa nasema kwa mdomo ninachokiona, naye, kwa sababu siwezi kumsikia, anaandika kwenye vipande vya karatasi na kuvipitisha juu ya bega lake. "Rudi mahali pa mmiliki." Nikarudi. "Chini ya jina kuna kisanduku kidogo, kinasema ubadilishe pia mmiliki wa vyote vilivyo ndani. Kina alama?" Nikasema hakina. Karatasi ikaja: "Ndicho hicho. Kitie alama." Nikakitia. Ikaja nyingine: "Kubali. Ikiuliza tena, kubali tena." Kisha tukaenda kwenye ruhusa, kukawa na kisanduku kama hicho, nikakitia alama kabla hajaniambia. Karatasi iliyofuata ilisema, "Mama mkubwa sasa ananiacha nyuma."

Mashine ikaanza kuhesabu faili zikipita. Nikabonyeza ya kwanza.

Jentrix, nilidhani nitakuta maneno makubwa. Unajua la kwanza lilisema nini? "Chai imepoa." Linalofuata: "Paka amelala kwenye unga." Halafu: "Anayegonga ni mama wa maziwa, mwambie tumempa jana." Kurasa na kurasa. Na katikati yake hili, ambalo nakuandikia kama lilivyo: "Mvua imeanza. Inapiga mabati kama watu wanaopiga makofi. Nimekuona unaangalia juu, ndiyo maana nakuambia."

Mengine ni yangu.

Nililia, naye Phanice hakugeuka. Akapitisha karatasi juu ya bega: "Nikupe flashi sasa au baadaye?" Nikacheka na machozi. Tukanakili yote kwenye flashi mbili, moja ninayo mimi, nyingine nimemkabidhi Khaemba mkononi. Aliniuliza kama anaweza kusoma. Nikamwambia ya chai na paka anaweza, nitamwonyesha pa kuishia. Alisoma lile la mvua akasimama, akatoka, akakaa na mahindi yake mpaka giza. Mashine haendi nayo tena.

Sasa nina ombi, na si dogo. Khaemba amekuwa akitaka tufanye makumbusho ya Mwalimu, mwaka ukitimia, na mahema na spika. Nilikataa. Spika za nini? Siku ya mazishi watu walisema kutwa nzima. Mzee wa kumuse alikuja siku ya tatu kutoa hotuba ya kimila ya kutufariji, akatembea akisema na ukoo wote umekaa kimya unamsikiliza. Mimi nilikuwa mbele kabisa, mjane, na sikupata hata neno moja. Niliona watu wakicheka nisijue wanacheka nini. Nilikuona wewe ukisimama ukisema, Jentrix, mkono umeuweka kifuani, na mpaka leo sijui ulisema nini.

Sasa nakubali makumbusho. Lakini kila mwenye la kusema juu ya Mwalimu aliseme mbele ya mashine, kwa maandishi, nami niketi hapo nisome. Asiyejua kuandika, Phanice amwandikie. Nimemwomba, naye amesema atauliza mamake. Kwa hiyo nakuuliza wewe.

Dada yako,
Peris


Kitale, Jumapili, 24 Agosti 2025

Dada Peris,

Ndiyo! Ndiyo, ndiyo, ndiyo!

Hujambo? Mayai yalifika yote ila moja, nalo tulilikaanga. Mahindi yamebeba mpaka mengine yana magunzi mawili, na duka limejaa watu hata sina pa kukalia, naketi kwa Mzee Gurdev juu ya gunia la simenti.

Phanice alirudi kutoka kwako nikamkaribisha kwa ugali na kuku, nikangoja ashibe, kisha nikamuuliza kijanja, "Basi, mlikuta nini humo?" Akasema, "Sijui, Mama. Nilikuwa naangalia ng'ombe wa jirani." Nikamwambia, "Hata kidogo? Hata kwa kona ya jicho?" Akasema, "Ana madoa meupe mgongoni, huyo ng'ombe." Sikupata zaidi ya hapo! Halafu barua yako ikaja. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Nimemsomea Mzee Gurdev pale pa kugeuza kiti, akavua miwani akaipangusa, akasema, "Daktari huyu ana adabu ya daktari." Dada, kufungua mlango wengi wanaweza, hata mwizi. Mimi nilizaa anayefungua na kukaa nje. Ukisikia majivuno Bungoma usiulize yametoka wapi, ni mimi, napumua tu.

Sasa mipango, maana nyinyi mnaoomba kwa upole hampangi. Mahema Khaemba alete. Spika abaki nazo, atapiga nyimbo za hao wanaosikia. Phanice anafunga duka siku hiyo, tangazo keshaliandika mlangoni, na anakuja na mashine mbili zaidi ili watu wasipange foleni kama kwa kliniki. Kiti chako kitakuwa katikati, na kioo kikubwa mbele yako. Mzee wa kumuse nimempelekea neno kupitia Kimilili. Nilimwambia hatumwombi aifanye tena, tunamwomba aketi na binti yangu amweleze aliyoyasema. Alijibu kwamba aliyoyasema ni mengi. Nikamjibu vidole vya Phanice ni kumi na vyote vimelelewa na mimi.

Na mimi najifunza. Usicheke. Kila jioni wateja wakitoka naketi kwenye mashine ya mwisho, naandika kwa vidole viwili. Jina langu nalimaliza kabla maji hayajachemka. Nitakapofika kwako nitaketi mbele ya kile kioo na kukuandikia nilichosema siku ile nikiwa nimeweka mkono kifuani, chote, na nikikosea herufi usinisahihishe mbele ya watu.

Waambie wa Bungoma. Wa Kimilili nimewaambia, na wa Kitale hawana budi, wamenisikia. Mwambie na fundi wa mjini aliyecheka lile jina la utani aje, aliijua mashine kabla yetu sisi. Khaemba amlete Wanjala mdogo. Asiyejua herufi aje na mdomo wake, asiye na la kusema aje anywe chai. Tunakungojea wewe tu uketi. Ni Jumamosi, tarehe kumi na nane Oktoba.